Mwamuzi Hatazami Aliyeanguka

Katika mpira wa kikapu kuna tukio moja linalogombanisha watu kuliko mengine yote. Mchezaji mwenye mpira anakuja mbio kuelekea kikapuni. Mlinzi anamkatia njia. Miili inagongana, paa! na wote wawili wako chini. Filimbi inalia. Nusu ya watazamaji wanashangilia kabla hata mwamuzi hajaonyesha ishara, na nusu nyingine wanazomea. Kisha mwamuzi anapiga ngumi kwenye kiganja chake, au anaweka mikono kiunoni, na hapo ndipo matusi yanapoanza.

Juma hili nimeona nilizungumzie tukio hilo, kwa sababu kila ninapokwenda viwanjani nakuta watu wazima, wenye akili zao na familia zao, wakimwita mwamuzi mwizi kwa uamuzi ambao, ukifuata kitabu cha kanuni, ulikuwa sahihi kabisa. Wapo waamuzi wanaokosea, hilo sikatai. Lakini sehemu kubwa ya ugomvi wetu haitokani na macho ya mwamuzi. Inatokana na sisi watazamaji kumtaka ajibu swali ambalo kanuni hazimwulizi.

Sisi tunauliza: nani ameanguka? Au tunauliza: nani alikuwa bado anatembea? Mwamuzi anajiuliza jambo jingine kabisa: mahali pale walipogongana palikuwa pa nani?

Ngumi na kiuno

Tuanze na zile ishara mbili, maana wengi wetu tunaziona kila siku bila kuzitenganisha. Mwamuzi akipiga ngumi kwenye kiganja, anasema kwamba mshambuliaji amemvamia mlinzi aliyekuwa mahali pake kwa haki. Vijana wetu viwanjani huiita chaji. Akiweka mikono yote miwili kiunoni, anasema kwamba mlinzi amemziba mshambuliaji njia isivyo halali.

Tofauti kati ya ishara hizo si ndogo. Chukua mchezaji aliyerusha mpira ukaingia kikapuni huku akigongana na mlinzi. Ikiwa mlinzi ndiye aliyeziba, pointi 2 zinahesabiwa na mrushaji anaongezewa mtupo huru 1, kwa hiyo timu yake inaweza kuondoka na pointi 3. Ikiwa mshambuliaji ndiye aliyevamia, tena kabla mpira haujatoka mkononi mwake, pointi zile zinafutwa na mpira unakwenda kwa wapinzani. Juu ya hayo, aliyekosa anaandikiwa faulo. Kwa kanuni za Shirikisho la Mpira wa Kikapu Duniani, FIBA, faulo ya 5 inamtoa mchezaji nje na harudi tena katika mchezo huo. Basi filimbi moja, katika dakika za mwisho, inaweza kubeba pointi 3, mpira, na nyota wa timu. Ndiyo maana watu wanapandwa na jazba.

Mchezo wenyewe haukukusudiwa uwe wa kugongana. Dk. James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, aliuanzisha Desemba 1891 mjini Springfield, Massachusetts, Marekani. Alitaka mchezo wa ndani ya ukumbi wakati wa baridi kali, usio na kukabana na kuangushana kama ilivyo katika futiboli ya Kimarekani. Aliandika kanuni 13, na ile ya 5 ilikataza kumpiga mtu kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumtega au kumpiga. Lakini uwanja wa leo una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, ndani yake wamo watu 10, na aghalabu wote wanapagombania pale pale chini ya kikapu. Kugusana hakuepukiki. Kwa hiyo kanuni zimeacha kuuliza kama watu wamegusana. Zinauliza nani abebe dhamana ya kugusana huko.

Kila mtu na pipa lake

Mpanda daladala atanielewa upesi. Kiti ni cha aliyekikalia kwanza. Hakuna anayeuliza nani ana haraka zaidi, nani mnene zaidi, wala nani amelipa noti kubwa. Ukimkuta mtu ameketi, humkalii mapajani ukasema amekuzuia. Lakini naye aliyeketi hana haki ya kutandaza miguu mpaka kiti cha jirani, wala kukuwekea kiwiko mbavuni ukipita. Haki yake ni kiti chake, basi.

Uwanjani kanuni ni hiyo hiyo. Kila mchezaji ana haki ya kusimama mahali popote ambapo mpinzani hajapachukua, maadamu afike pale bila kumgonga mtu. Akishafika, kanuni zinamchora kana kwamba amesimama ndani ya pipa lisiloonekana. Mbele pipa hilo linaishia kwenye viganja vyake, mikono ikiwa imekunjwa viwikoni na kuinuliwa. Nyuma linaishia kwenye makalio. Pembeni linaishia kwenye kingo za nje za mikono na miguu. Kwenda juu halina mfuniko: linapanda kutoka sakafuni hadi darini. Mchezaji anaruhusiwa kuinua mikono juu wima, anaruhusiwa kuruka wima, na hewa yote iliyo ndani ya pipa lake ni mali yake. Akigongwa humo ndani, aliyegonga ndiye mkosaji. Akitoa mkono, bega, nyonga au goti nje ya pipa akamgusa mtu, yeye ndiye mkosaji.

Kanuni hii ya wima ndiyo inayowapa riziki walinzi warefu. Roy Hibbert wa Indiana Pacers alijijengea jina katika miaka ya 2012 hadi 2014 kwa kufanya jambo lililoonekana dogo: kuruka moja kwa moja juu, mikono wima, na kumwacha mshambuliaji ajigonge kifuani mwake. Nasi tunaye Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, aliyejipatia sifa katika Chuo Kikuu cha Connecticut kwa kuzuia mipira, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kuingia NBA, na Memphis Grizzlies. Kama sheria ingesema kila mgongano chini ya kikapu ni kosa la mlinzi, wachezaji wa aina hiyo wangemaliza faulo zao 5 kabla ya mapumziko.

Jambo hili linawakwaza watazamaji wetu. Wanamwona mshambuliaji anaruka, anamgonga mlinzi mrefu, mpira unakosa kikapu, filimbi kimya. Wanapiga kelele, "Refa, faulo!" Lakini mlinzi yule alipanda na kushuka ndani ya pipa lake. Hakuna alilokosa.

Nyayo mbili na uso

Sasa tuje kwenye kiini cha mambo. Ili mlinzi ahesabiwe kuwa amepata nafasi halali ya ulinzi, kanuni zinamtaka atimize masharti mawili: awe amemwelekea mpinzani wake, na awe amekanyaga sakafu kwa miguu yote miwili. Basi. Hayapo mengine. Hakuna mahali panaposema asimame sekunde moja, wala kwamba awe ameganda kama nguzo ya umeme.

Hapa ndipo uvumi wa viwanjani unapoachana na kitabu. Nimesikia makocha wa timu za mitaa wakiwafokea vijana wao, "Simama tuli, ukitikisika ni faulo yako!" Kocha huyo anamnyima mlinzi haki aliyopewa na sheria. Mlinzi akishapata nafasi halali, anaruhusiwa kuilinda kwa kutembea. Anaweza kusogea kushoto, kulia au nyuma. Katika kusogea huko mguu mmoja, au hata yote miwili, inaweza kuwa hewani kwa kitambo kidogo, naye hajapoteza haki yake. Asichoruhusiwa ni kusogea mbele, kumfuata mwenye mpira akamgonga. Tena akiona mgongano unakuja anaweza kugeuka au kujikunja ndani ya pipa lake kujikinga na maumivu. Mlinzi anayeziba uso na kifua asivunjwe mbavu hajafanya kosa lolote.

Kwa upande wa pili, kusimama tuli peke yake si hati ya kumiliki. Mlinzi anaweza kuwa ameganda kabisa lakini goti lake limechomoza njiani mwa mpinzani, au nyonga ameitega pembeni. Mshambuliaji akijikwaa kwenye goti hilo, aliyeganda ndiye mwenye kosa.

Mwamuzi basi anatafuta dalili. Dalili kubwa ni mahali miili ilipogusana. Mshambuliaji akimgonga mlinzi katikati ya kifua, yaani kwenye kiwiliwili, hiyo ni ishara kwamba mlinzi alikwisha fika na kujiweka mbele yake. Mgongano ukiwa begani, pajani au kwenye mkono ulionyooshwa, aghalabu maana yake ni kwamba mlinzi alichelewa, na kwa kuchelewa huko akaazima kiungo kimoja ili kuziba pengo ambalo miguu yake ilishindwa kuliziba. Ukitaka kubashiri uamuzi kabla ya ishara, tazama kifua. Utapatia mara nyingi kuliko jirani yako anayetazama mpira.

Mwenye mpira hana udhuru

Kuna sharti jingine linalowashangaza wengi. Mchezaji mwenye mpira hapewi muda wala nafasi ya kujiandaa. Mlinzi anaweza kumtokea mbele kwa sehemu ndogo ya sekunde, hatua moja tu kutoka puani mwake, na ikiwa amekanyaga kwa miguu miwili, amemwelekea na hajamgonga katika kufika, mwenye mpira ndiye anayepaswa kusimama au kubadili njia. Malalamiko ya "kanitokea ghafla" hayana uzito. Anayekimbia na mpira anahesabiwa kuwa anajua anawindwa.

Kwa mchezaji asiye na mpira mambo ni tofauti. Yeye anaweza kuwa anatazama kwingine, anamtafuta mwenzake, hajui nani yuko mbele yake. Kwa hiyo kanuni zinamtaka mlinzi amwachie umbali wa kutosha kusimama au kukata kona, kulingana na kasi yake, na umbali huo usipungue hatua 1 ya kawaida. Kwa maneno mengine, mgongano unaofanana kabisa kwa macho unaweza kuwa kosa la huyu au la yule, ikitegemea kama mpira ulikuwa mkononi au haukuwamo. Anayetazama kutoka jukwaani na kupiga kelele hajakumbuka hata kidogo kuliangalia hilo.

Hewani hakuna breki

Nimefika mahali ambapo nawaomba mnisikilize kwa makini, hasa wazazi na walimu wa michezo, maana hapa hatuzungumzii pointi tena. Tunazungumzia mifupa.

Mtu aliyekwisha kuruka hawezi kusimama, hawezi kubadili njia. Amekuwa kama jiwe lililorushwa. Kwa sababu hiyo kanuni zinampa ulinzi wa pekee: ana haki ya kutua pale aliporukia, au mahali pengine, ikiwa mahali hapo na njia ya kufikia hapo havikuwa vimekaliwa na mpinzani wakati anaruka. Mlinzi hana ruhusa ya kujipenyeza katika njia hiyo baada ya mwenzake kuacha sakafu. Akijiingiza chini yake na kumgusa, mara nyingi hiyo si faulo ya kawaida tena bali ni faulo isiyo ya kiungwana, na inaweza kufikia kumtoa mtu mchezoni.

Uwanja wetu mwingi ni wa saruji. Mtoto anayeruka kwa kasi akakatwa miguu na mwili uliojipenyeza chini yake hatui kwa nyayo. Anatua kwa kiwiko, kwa kifundo cha mkono, kwa kisogo. Nimewahi kumwona msichana wa shule akitolewa uwanjani hapa jijini mkono wake umeshikiliwa na wenzake kama kitu cha kuazima, na mlinzi aliyemwingilia alikuwa analia na kusema, "Mwalimu si alisema nisimame mbele yake?" Alisimama, ni kweli. Alisimama baada ya mwenzake kuwa hewani. Kati ya mlinzi hodari na mlinzi wa hatari kuna tofauti ya nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo inafundishika.

Ili kupunguza ajali za namna hiyo ikachorwa nusu duara chini ya kikapu. NBA ilianza kuitumia katika msimu wa 1997-98. FIBA iliiingiza katika kanuni zake mwaka 2010, ikiwa na nusu kipenyo cha mita 1.25. Mlinzi mwenye mguu unaogusa eneo hilo, hata mstari wake, hawezi kupewa faulo ya kuvamiwa na mwenye mpira aliyeruka kuelekea kikapuni ili arushe au atoe pasi. Shabaha yake ni kuwazuia walinzi kujipanga chini ya kikapu wakingoja kuangukiwa tu. Lakini nusu duara hilo si kibali kwa mshambuliaji kufanya atakalo. Akimpiga mlinzi kiwiko au akimsukuma kwa mkono, kosa ni lake bado. Na mlinzi aliye ndani ya eneo hilo hajanyang'anywa haki ya kuruka wima kuuzuia mpira.

Usiku wa Oakland

Msikilizaji anaweza kusema: haya yote yanawezekana kwenye kitabu, lakini nani anaweza kuyaona kwa macho katika kufumba na kufumbua? Swali zuri. Nitalijibu kwa kisa kilichotazamwa dunia nzima.

Tarehe 31 Mei 2018, mjini Oakland, California, ulichezwa mchezo wa kwanza wa fainali za NBA kati ya Golden State Warriors na Cleveland Cavaliers. Zikiwa zimebaki sekunde 36.4, Cavaliers walikuwa mbele kwa 104 dhidi ya 102. Kevin Durant wa Warriors akaenda kikapuni, LeBron James akamkatia njia, wakagongana. Mwamuzi akaamua kuwa Durant amevamia. Mpira ungekuwa wa Cavaliers.

Waamuzi wakaenda kwenye televisheni kuhakikisha kama James alikuwa nje ya nusu duara. Alikuwa nje, tena kwa umbali wa wazi. Lakini kanuni za NBA ziliwaruhusu, wakishaifungua picha kwa sababu hiyo, waangalie pia kama mlinzi alikuwa na nafasi halali. Wakaona hakuwa nayo. Uamuzi ukageuzwa: sasa James ndiye aliyeziba. Durant akatupa mitupo huru 2, yote ikaingia, 104 kwa 104. Muda wa kawaida ukaisha 107 kwa 107, na katika muda wa nyongeza Warriors wakashinda 124 kwa 114. James aliondoka na pointi 51 na kushindwa.

Watu wengi walisema ni uonevu. Wengine wakasema ni haki iliyochelewa. Mimi nayachukua mafunzo mawili. La kwanza, hata waamuzi bora wa dunia, wenye mishahara na kamera kila pembe, walitoa majibu mawili kwa mgongano mmoja. Basi yule kijana wetu mwenye filimbi ya kununua mwenyewe, asiye na picha ya kurudia, anastahili subira kidogo.

La pili ni la kanuni zenyewe, na ndilo linalotuhusu zaidi. Kwa NBA mlinzi anatakiwa awe amejiweka kabla mrushaji hajaanza kuupandisha mpira kwenda kurusha. Kwa FIBA kipimo ni kuacha sakafu: mlinzi awe amejiweka kabla mshambuliaji hajaruka. Hivi si vipimo vilivyo sawa. Ligi zetu, pamoja na Ligi ya Afrika, ile BAL iliyoanza Kigali mwaka 2021, zinachezwa kwa kanuni za FIBA. Sasa mashabiki wetu wanakesha wakitazama NBA, asubuhi wanakwenda uwanjani na sheria za Marekani kichwani, wanamhukumu nazo mwamuzi wa Upanga. Ni kama kumshitaki dereva wa Dar es Salaam kwa kuendesha upande wa kushoto wa barabara.

Kuona bila kupuliza

Kuna mambo mawili ya mwisho katika kazi ya mwamuzi ambayo kutoka jukwaani huonekana kama uzembe au upendeleo.

La kwanza ni kugusana anakokuacha kupite. Kanuni zinamwagiza asikatize mchezo bila sababu kwa mguso mdogo ambao haukumpa mmoja faida wala kumtia mwingine hasara. Mlinzi akimgusa mwenye mpira nyongani, lakini huyu akapita zake na kufunga, filimbi ya nini? Mguso huo huo ukimtoa mtu kwenye njia yake na kumpotezea mpira, hapo ni faulo. Ndiyo maana unaona jambo moja likipulizwa upande huu na kuachwa upande ule, nawe unadhani amenunuliwa. Lililomwongoza si mguso. Ni matokeo ya mguso. Ubaya ni pale mwamuzi anapokosa msimamo, akaacha katika robo ya kwanza alichopuliza katika robo ya nne. Hilo lina haki ya kulalamikiwa, na makocha wasiache kulilalamikia kwa adabu.

La pili ni wanaojiangusha. Wapo walinzi ambao wakipulizwa na upepo wa mshambuliaji wanaruka nyuma mita mbili na kupiga ukelele kama waliogongwa na lori. Kanuni zinauhesabu udanganyifu huo kuwa kosa, na unaweza kuadhibiwa kwa faulo ya kiufundi. Watazamaji tukiendelea kuamini kwamba aliyeanguka ndiye aliyeonewa, tunawalipa waigizaji na kuwaacha wachezaji wa kweli wakipoteza.

Waamuzi wanaofundishwa vizuri huambiwa jambo moja tangu siku ya kwanza: mtazame mlinzi. Mpira una watazamaji wa kutosha. Mwamuzi anayefuata mpira kwa macho atamwona mlinzi wakati wa mgongano tu, na hapo atakuwa amekosa sehemu yote ya maana, yaani nyayo zilitua lini, uso ulielekea wapi, bega lilikuwa ndani ya pipa au nje. Hadithi ya faulo huanza kabla ya kishindo. Anayegeuza shingo baada ya kishindo amefika msibani, hajaona kifo.

Wahenga walisema kelele za mlango hazimkeshi mwenye nyumba. Kwa waamuzi wetu methali hii haifai tena. Zinawakesha. Nawafahamu vijana waliosomea uamuzi, wakapata vyeti, wakachezesha msimu mmoja au miwili kwa posho isiyotosha nauli, kisha wakaacha kwa kuchoka kutukanwa mbele ya watoto wao. Kila mmoja anayeacha anatuachia mchezo wenye jicho moja pungufu, na jicho hilo ndilo lingemwona mlinzi anayejipenyeza chini ya mtoto aliye hewani.

Siombi watu wakae kimya uwanjani. Kikapu bila kelele ni kama harusi bila ngoma. Ninachoomba ni zoezi moja. Siku utakapokwenda uwanjani, chagua robo moja, dakika 10 tu, usiutazame mpira kabisa. Mchague mlinzi mmoja, mtazame miguu, kisha kifua, kisha mikono. Kila filimbi ikilia, jiulize mahali pale palikuwa pa nani kabla hujatazama ishara ya mwamuzi. Walimu wa shule, wafanyeni hivyo hivyo vijana wenu walioko benchi, na mkiwafundisha kuwahi mbele ya mshambuliaji, wafundisheni katika pumzi hiyo hiyo kwamba mwenzao akishaacha sakafu wamechelewa, wamwache ashuke.